Mshenga wa Matangazo

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Hakikuwa kile kicheko cha adabu, cha kufunika mdomo kwa kiganja. Kilikuwa kicheko cha kukata pumzi, chai ikamwagika kwenye kisahani, miwani ikateleza mpaka nchani mwa pua. Mbele yake kulikuwa na kompyuta ya binti wa kaka yake, na kwenye kompyuta hiyo makala nzuri tu kuhusu mahali pa kutundika taulo lililolowa kama unaishi chumba kimoja na huna kamba nje. Pembeni ya makala, kwa rangi ya buluu ya kupendeza, tangazo lilikuwa linauliza: Je, bwawa lako la kuogelea limejaa majani?

"Mtu hana pa kutundika taulo," Shangazi alisema alipopata pumzi, "bwawa ataliweka wapi, uvunguni?"

Binti wa kaka hakucheka. Huyu binti watu walimwita Chapuchapu tangu utotoni, kwa sababu kila jambo alilifanya kabla halijaisha kusemwa. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa. Shuleni alianza kujibu swali akiwa nusu ya kulisoma, na mara mbili alishajifungia nje ya nyumba, ufunguo ukiwa ndani na sufuria ikiwa motoni. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa na miaka saba. Shangazi alimchukua siku hiyo hiyo, na tangu hapo walikuwa wawili tu: chumba cha mbele cha Shangazi, chumba cha nyuma cha Chapuchapu, na jiko katikati ambako mambo yote ya maana yalizungumzwa.

Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye blogu yake iliyoitwa Chumba Kimoja. Aliandika humo namna ya kuishi mahali padogo bila kuchanganyikiwa: pa kuficha ndoo, jinsi ya kupika bila nguo kunuka vitunguu, ufanye nini mgeni akija na masanduku matatu. Wasomaji walikuwepo, tena wengi. Lililokuwa linamuua ni matangazo. Aliyapokea kutoka kwa mtambo fulani wa huko mbali uliojichagulia wenyewe nini kikae wapi, na ulichagua vituko: chakula cha ng'ombe kwenye makala ya vyungu vya maua, mashua kwenye makala ya bomba linalovuja. Katika wasomaji elfu moja, waliobofya tangazo hawakufika hata wawili. Na blogu ambayo matangazo yake hayabofywi haimlishi mwenyewe.

Ndiyo maana kulikuwa na barua kwenye mlango wa friji, imebanwa kwa sumaku. Ilitoka kampuni ya bima katika mji mwingine, safari ya siku mbili, na ilisema nafasi ya karani ni yake akiitaka, aanze tarehe mosi, ajibu kabla ya mwezi kwisha. Zilibaki wiki tatu. Chapuchapu alimweleza Shangazi huku akikusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai: kama ikifika Ijumaa ya mwisho wa mwezi na wanaobofya hawajafika ishirini katika elfu, basi, atafunga blogu na atakwenda.

Kicheko kilimkauka Shangazi mdomoni. Hakutaka aende. Hakutaka hata kidogo, na kule kutotaka kulimpanda ghafla mpaka masikio yakamwasha. Lakini mtu mzima unamwambiaje binti aliye tayari kujitafutia kwamba abaki kwa sababu wewe jiko litakuwa kimya? Alilimeza neno hilo. Badala yake akauliza ule mtambo unachaguaje.

Chapuchapu akamweleza kwamba unaokota maneno kwenye makala, halafu unaangalia msomaji amekuwa akitafuta nini kwingine.

"Yaani unamfuata mtu njiani bila hata kumsalimia. Na hilo tangazo lenyewe, nani amelihoji?"

"Hakuna anayelihoji, Shangazi."

"Basi hapo ndipo mlipopotea," Shangazi alisema, akarudisha miwani mahali pake. Akatangaza kwamba kuanzia kesho matangazo atayashughulikia yeye.

Sasa msidhani alikuwa anajisemea tu. Shangazi alikuwa mshenga kwa miaka thelathini. Watu walikuwa wakimfuata wakiwa na kijana wao, au binti wao, au mjane wao, naye anakwenda upande wa pili na mkoba wake mweusi, anakaa, anauliza, anachungulia jikoni, anarudi na jibu. Ndoa sitini na mbili zilipita mikononi mwake na tatu tu zilivunjika, na hizo tatu aliweza kukutajia kwa tarehe. Kisha watu wakaanza kuonana wenyewe kwenye simu. Mwaka wa kwanza waliobisha hodi walipungua, na kwa miaka miwili iliyofuata hakuna aliyebisha. Viatu vyake vya kutokea vilikuwa chini ya kabati, vimejazwa magazeti visije vikapoteza umbo.

Asubuhi iliyofuata aliyatoa yale magazeti, akavipiga viatu rangi, akachukua mkoba na daftari, akatoka.

Alianza na muuza magodoro wa mtaa wa pili. Akakaa juu ya godoro lenyewe, mkoba magotini, akamhoji jamaa kama anayekuja kuposa: godoro limetoka wapi, limeundwa na nini, limeshawahi kurudishwa, kwa nini. Muuza magodoro alijibu vizuri. Likaja swali la mwisho, ambalo Shangazi hakuwahi kuliacha katika miaka yote thelathini.

"Kasoro yake nini?"

Jamaa akasema halina. Shangazi akafunga daftari, akasimama, akaelekea mlangoni. Jamaa akamkimbilia mpaka barazani na kukiri, sauti chini, kwamba linanuka gundi siku tisa za mwanzo. Shangazi akarudi akaketi na kuiandika kasoro hiyo kwa furaha.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kazi yake yote. Ndoa zile tatu zilizovunjika, kila moja ilikuwa na jambo lililofichwa. Zile hamsini na tisa nyingine zilijaa wakoromaji, wabishi, wasiojua kupika, mmoja aliyeongea na kuku, na zote zilisimama kwa kuwa mambo yalisemwa mapema, mchana, mbele ya watu. Tena Shangazi hakuishia kuisema kasoro. Aliitafutia mwenye kuihitaji. Yule aliyeongea na kuku alimwoza kwa mwanamke bubu wa ucheshi usiokwisha, ambaye kwa miaka ishirini sasa amekuwa akimsikiliza uani na kucheka peke yake.

Basi na matangazo akafanya vile vile. Godoro la gundi alilipeleka kwenye makala ya wiki ya kwanza ya kuhamia, kwa watu ambao madirisha yao yako wazi tayari kwa sababu ya rangi mbichi. Kitanda cha kukunja, ambacho muuzaji wake alikiri kinapiga kelele kila ukigeuka, alikipeleka kwenye makala ya mgeni mwenye masanduku matatu, na akaandika wazi kwamba mgeni atakayelalia kitanda hiki hatakaa mwezi. Seremala wa rafu, ambaye maisha yake yote amechelewa siku mbili, alimweka pamoja na makala ya kupanga chumba pole pole. Kila tangazo aliliandika kwenye simu kwa kidole kimoja, ulimi nje, akalituma kwa Chapuchapu alibandike.

Na Chapuchapu alibandika. Hapo ndipo penye jambo ambalo lingeweza kutokea nyumba hiyo tu. Mtu mwingine yeyote angesoma kwanza. Chapuchapu aliona ujumbe umeingia, akanakili, akabandika, akarudi kwenye makala yake, yote kabla simu haijazima taa. Kwa wiki tatu nzima hakusoma hata tangazo moja la Shangazi. Wasomaji walipoandika kwamba matangazo ya siku hizi yanawavunja mbavu, alidhani wanasema yale ya bwawa, akawajibu kwa kuomba radhi.

Alichokitazama ni hesabu, na hesabu ilikuwa imepatwa na wazimu. Wiki ya kwanza walibofya sita katika elfu. Wiki ya pili kumi na mbili. Chapuchapu akawa anaimba bafuni. Shangazi akawa anarudi saa kumi miguu imevimba, anakaa kwenye kigoda, anasimulia: muuza ndoano za ukutani amemlilia machozi, muuza mazulia amemdanganya mara mbili na yeye Shangazi amemkamata mara mbili. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Na kila walipomaliza kucheka, Shangazi alitupa jicho kwenye friji, akaiona barua pale pale chini ya sumaku.

Siku tatu kabla ya ile Ijumaa hesabu ilikwama kumi na saba. Shangazi akaenda kwa Bwana Feni.

Bwana Feni alikuwa na duka kubwa kuliko yote mtaani, na feni zake aliziunganisha mwenyewe katika chumba cha nyuma. Alimpokea Shangazi kwa heshima, akamkalisha, na swali la mwisho lilipokuja akasema hazina kasoro. Shangazi akangoja. Akasema tena hazina, na zaidi ya hapo hakukiri kitu. Kwa desturi Shangazi angeondoka. Lakini alikuwa ameshaiwasha moja ya mezani na kukaa kando yake, na ilikuwa inanguruma vibaya sana, ngurumo nene isiyopumzika. Akatazama mbele. Hatua tatu kutoka pale wauzaji wawili walikuwa wanagombana, mikono hewani, vinywa wazi kabisa, na yeye hasikii hata neno. Shangazi alihisi furaha ikimpanda kutoka kwenye nyayo. Aliiaga ile feni kwa kuipapasa kichwani, akatoka, akaandika tangazo akiwa amesimama barabarani.

Ijumaa asubuhi Chapuchapu alifungua kompyuta akapiga ukelele, akaruka, akamshika Shangazi kiunoni wakazunguka jiko zima mpaka mfuniko ukaanguka. Thelathini na moja katika elfu! Walikuwa bado wanahema mlango ulipogongwa, si kwa vidole, kwa ngumi.

Alikuwa Bwana Feni, simu mkononi, shati limechomoka upande mmoja. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka machoni. Lakini alipomwona Shangazi ikabidi aiweke pembeni kwanza, maana mtu mzima hagombezwi kabla hajaamkiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Alikataa chai. Akamnyooshea Chapuchapu simu na kumwambia asome, asome kwa sauti, na Chapuchapu akasoma kwa mara ya kwanza maishani mwake tangazo alilolibandika kwa mikono yake. Lilikuwa pembeni ya makala ya kuta nyembamba na jirani mwenye maneno mengi.

"Feni ya mezani," alisoma. "Inapoza vizuri. Kasoro: inanguruma usiku kucha na dawa yake haijulikani. Jirani yako akigombana na mkewe, hutasikia kitu."

Alimtazama Shangazi, akaitazama simu, akateremka chini kwa kidole na kukuta la godoro, la kitanda, la seremala. Wiki tatu nzima alikuwa amewatangazia watu kasoro za wafanyabiashara wote wa mtaa. Akaanza kuomba msamaha, maneno yakigongana, akaahidi kulitoa sasa hivi, na mkono ulikuwa tayari kwenye kompyuta Shangazi alipoufunika kwa wake.

Akamwambia Bwana Feni kwamba feni yake inanguruma, kweli si kweli? Bwana Feni akasema hilo si la kutangaziwa dunia. Shangazi akasema mnunuzi ataisikia tu akifika nyumbani, na hapo ndipo atakapomchukia. Bwana Feni akavuta pumzi ya kujibu, na simu yake ikalia mkononi mwa Chapuchapu. Kwa ile haraka yake akaipokea, tena kwa kipaza sauti, jiko zima likasikia.

Alikuwa mke wa Bwana Feni, dukani. Alikuwa anapiga kelele ili asikike juu ya watu. Alitaka kujua mume wake yuko wapi, maana tangu wafungue wameshakuja kumi na mmoja na wote wanataka ile inayonguruma. Amewaonyesha mpya zisizo na kelele, hawazitaki. Mmoja amerudisha ya kimya aliyonunua mwezi jana, anataka abadilishiwe. Mwingine anauliza kama kuna kubwa zaidi yenye kunguruma zaidi, kwa sababu jirani yake ameanza kujifunza tarumbeta.

Bwana Feni alikaa. Kiti hakikuwa chake, kilikuwa na kikapu cha nguo za kupiga pasi, akakaa juu yake hivyo hivyo. Akachomeka shati. Akauliza, kwa unyenyekevu mkubwa, kama mama anaweza kuongeza pale chini kwamba ile ya kusimama inanguruma kuliko ya mezani. Shangazi akamwambia atakuja kuisikiliza kwanza. Safari hii Bwana Feni alikunywa chai, vikombe viwili, akaondoka akiwapungia mkono wote wawili, na ule mlango aliougonga kwa ngumi akaufunga taratibu kwa vidole.

Chapuchapu alianza kucheka kabla mgeni hajafika ngazini. Alicheka ameegemea friji, akateleza mpaka sakafuni, akacheka hapo chini, na Shangazi naye akacheka, wakawa wakitazamana tu basi wanaanza upya. Sumaku ilidondoka, na barua ikamwangukia Chapuchapu mapajani.

Shangazi akaacha kucheka. Thelathini na moja katika elfu. Alikuwa ameshinda, binti anabaki, jambo limekwisha. Lakini furaha haikuja, akajua ni kwa nini, na akalijua kwa aibu. Wiki tatu alikuwa akiwakaba watu mashati wataje kasoro zao, na yeye hakutaja yake.

"Usiijibu hiyo bado," alisema. Akavuta kigoda akaketi, mkoba magotini, kama anavyoketi kwenye nyumba za watu. "Kuna jambo sikukwambia. Haya yote sikuyafanya kwa ajili ya blogu. Nilifanya ili usiende. Sikuuliza hata mara moja kama ile kazi unaitaka. Pengine unaitaka, na mimi nimekufungia njia. Hiyo ndiyo kasoro ya mshenga wako, na ilipasa uijue mapema."

Chapuchapu alikuwa bado sakafuni. Aliigeuza geuza ile bahasha, akakosa haraka yake yote, kitu ambacho Shangazi hakuwahi kukiona.

"Barua hii nilishaijibu," alisema.

"Lini?"

"Ile asubuhi ulipotoa magazeti kwenye viatu. Nilisimama dirishani nikakuona unavuka barabara na mkoba wako. Nikawaandikia pale pale kwamba siendi."

"Kabla ya godoro? Kabla ya tangazo hata moja?"

"Kabla hujafika ng'ambo, Shangazi." Akajifuta macho kwa bahasha ya kampuni ya bima. "Nikaogopa kukwambia, usije ukavivua viatu."

Shangazi alifungua mdomo ili amgombeze. Alikuwa na haki ya kumgombeza. Wiki tatu za kuikodolea macho barua, miguu kuvimba, kudanganywa na muuza mazulia. Maneno yakageuka kicheko, na kicheko katikati kikageuka kilio, na hakujali. Alimvuta binti wa kaka yake kutoka sakafuni, akamkumbatia akamkung'uta vumbi mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamwita mwongo, mchokozi, mtoto asiye na haya, mwanangu.

Kisha akapenga kamasi, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa bado saa nne. Akakumbuka kwamba kuna muuza mapazia mtaa wa nne, ambaye jana alimwapia kwamba mapazia yake hayana kasoro hata moja.

"Hebu nipishe," alisema, akainama kukaza mikanda ya viatu. "Na leo, kabla hujabandika, usome."